Jongoo Dume Haachii

Albertville, Jumatatu, 5 Novemba 1956
Mvua imewatoa majongoo. Nimechuchumaa nyuma ya nyumba asubuhi nzima na nimegundua siri ya ndoa. Jongoo dume, kwenye pingili ya saba, hana miguu ya kutembelea. Pale ana viungo vya uzazi tu. Humpanda jike, humshika, na kazi ikiisha haondoki! Hung'ang'ania palepale, mwenzake asipate nafasi. Dume wa pili kazunguka, kasukuma, kachoka, kaenda zake. Jike asiyetaka hujikunja kama kifungo cha koti. Aibu tu hiyo.

Mimi namtaka Mwanne, binti wa Papa Sulemani, mshonaji wa karibu na bandari. Mshindani wangu ni Husseini, karani wa gare, pale stesheni ya treni, mwenye baiskeli. Mwenye baiskeli hawezi kutulia mahali. Nimeshashinda.

Jumanne, 6 Novemba
Nimefika kwa Papa Sulemani kabla ya chai. Nimeketi barazani, kimya. Jongoo hasemi. Mwanne kaniona, kajifunika kanga hadi puani, kaingia ndani. Dalili njema sana.

Husseini kapita na baiskeli, kasimama. Nikampungia mkono aende zake. Kaenda! Papa Sulemani alituona, akatikisa kichwa taratibu kama mtu aliyeelewa jambo. Mkewe, Mama Zaina, akauliza kama nina ujumbe. Nikasema ujumbe wangu ni kukaa. Akaleta mihogo.

Alhamisi, 8 Novemba
Bado nipo. Kazini nimetuma habari kwamba naumwa. Jirani yangu Idi kanionya: kwetu anayeposa hajipeleki, hutuma mshenga, yeye akabaki kwake. Nikamjibu kwamba jongoo hana mshenga. Akasema jongoo hana mkwe pia. Wivu.

Ijumaa, 9 Novemba
Ushindi! Baada ya sala wajomba wameitwa, mkeka mpya umetandikwa, nami nikaketishwa katikati. Papa Sulemani akanishika mkono.

“Mwanangu, mushenga wa kukaa namna hii sijapata kumuona. Mwambie Husseini tumekubali.”

Nikafungua mdomo. Vigelegele vikautangulia, na cha juu kuliko vyote kilitoka chumbani kwa Mwanne. Kisha nikapewa jogoo wa mshenga. Nani anakataa jogoo mbele ya wajomba? Nikampelekea Husseini jibu. Akanikumbatia, akanirudisha nyumbani kwa baiskeli. Mshindani wangu, kanibeba!

Ijumaa, 23 Novemba
Harusi. Nimekaa karibu na shehe, mbele ya ndugu wote. Paja zima la mbuzi. Mwanne kanishukuru kwa mdomo wake mwenyewe. Ndiyo mara ya kwanza kusema nami.

Basi imethibitika: aliyekaa ndiye aliyepata. Kosa langu ni dogo, nilianza Jumanne badala ya Jumatatu. Huko Mpala yuko Asha, ambaye baba yake, naambiwa, ana baraza yenye kivuli kutwa. Kesho napanda mtumbwi. Nimeshanunua mto wa kukalia.