Kiti Chenye Mikono cha Jumuiya ya Elimu ya Ziwa

Jumatatu, 8 Septemba

Balaa! Ujumbe wangu kwenye Halmashauri ya Jumuiya unakwisha. Dainess, katibu wetu, binti wa Mbeya mwenye shahada ya samaki, kanikumbusha kwa adabu zote: shikamoo Mzee Dadi, katiba hairuhusu vipindi vitatu. Miaka yote hii tunapima maji na kufundisha mashuleni bure, sijadai hata senti. Chai tu. Na maandazi. Leo nirudi benchi la wanachama wa kawaida, kule mlangoni kuku wanakopita? Thubutu!

Nimeisoma katiba mpaka miwani ikatoa jasho. Inanikataza kuwa mjumbe tena. Hainikatazi kuwa mwenyekiti! Na kiti cha mwenyekiti kina mikono. Nagombea.

Alhamisi, 11 Septemba

Mwinshehe naye anagombea. Mwinshehe! Nahodha mstaafu, kila samaki kwake ni kitoweo. Lakini wavuvi wa ufukwe wetu wa Kibirizi ni wanachama, na wote watu wake. Mimi ninao akina mama wanaoanika dagaa palepale, kiongozi wao shemeji yangu Fatu.

Akili ikanijia. Kwenye kikao cha leo nikapendekeza mkutano mkuu wa uchaguzi uwe Jumamosi ya tarehe ishirini, jioni. Mwezi haupo, giza tupu. Wavuvi watakuwa wanaingia ziwani na taa zao kuwafuata dagaa. Dainess, mtu wa milimani, kaona sawa tu. Imepita! Mwinshehe kacheka kidogo, kasema Bwana Dadi leo umelala vizuri. Wivu.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimevaa kanzu ya Idi. Ukumbini: mimi, Dainess, Mwinshehe na kuku. Wavuvi hakuna. Safi kabisa! Akina mama je? Hakuna pia. Nikampigia Fatu. Kaniuliza nimerogwa au vipi: kipindi cha giza dagaa wanashuka kila asubuhi, jioni lazima waanuliwe kabla ya umande, nani atakuja kukaa mkutanoni?

Hilo halikunipitia kichwani. Na dagaa nimewala tangu sina meno hadi sina meno tena!

Akidi haikutimia. Dainess kaahirisha mpaka Jumanne, tarehe saba Oktoba. Siku kaitaja Mwinshehe: mbalamwezi, mitumbwi yote nchi kavu. Nikapinga. Dainess kauliza sababu. Nikakohoa.

Jumanne, 7 Oktoba

Ukumbi umefurika. Wavuvi, akina mama, hata mke wangu Mwanakheri. Nikamwaga sera: sayansi, maendeleo, andazi la pili kwa kila mwanachama. Makofi! Nikaanza kukitazama kile kiti.

Ndipo Fatu akasimama. Anataka kujua ni nani aliyeuweka ule mkutano gizani. Mwinshehe, mnafiki mkubwa, akasema si vizuri kutaja majina, huku ananikodolea macho. Fatu akanigeukia: ala, shemeji, ulitaka dagaa wetu waloe ili wewe ukae vizuri? Watu wakaangua kicheko. Hata kuku walikimbia.

Kura za kunyoosha mikono. Nimepata mkono wangu, na wa mzee mmoja aliyekuwa anaomba maji. Mwanakheri aliikalia mikono yake yote miwili.

Mwinshehe akaketi kwenye kiti, akaipapasa ile mikono kama mbuzi wa kununua. Pendekezo lake la kwanza: Bwana Dadi awe mpangaji wa tarehe za mikutano, maana mambo ya mwezi anayajua mno. Vicheko tena. Nikakubali kwa unyonge, kutokea benchi la mlangoni.

Jumatano, 8 Oktoba

Wajinga wale! Wamenikabidhi kalenda yenyewe!

Nimeshapanga. Mkutano wa kumng'oa Mwinshehe utakuwa katikati ya Ramadhani, saa ya kufuturu. Mwinshehe aache tambi za mkewe? Hawezi. Wavuvi wake nao hawawezi. Nitashinda wao wakiwa na vijiko mdomoni.

Nimemweleza Mwanakheri. Kauliza mimi na Fatu na wenzake tutafuturu wapi.

Maskini, siasa haijui kabisa.