Sufuria la Kulinda Ubongo

Jumatatu, tarehe 9 Juni

Binti yangu kaficha ufunguo wa pikipiki! Kisa: juzi nilianguka mbele ya duka la dawa, kichwa wazi. Hatanirudishia mpaka ninunue helmeti. Pikipiki ile ndiyo kitu pekee nilichotoka nacho kwetu nilipohamia hapa kwake. Nikamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mkwe akadakia: mzee, zako si zilishakwisha? Mshenzi.

Jirani yetu, muuguzi mstaafu tunayemwita Bi Sindano, kaja kunihutubia. Ati ubongo ni laini kama siagi. Umevikwa utando wa tabaka tatu, unaelea kwenye majimaji, nje ukafunikwa na fuvu. Yote haya akiwa na helmeti yake nyekundu kichwani, kama jogoo. Akamalizia kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamkumbusha kuwa mkuu hapa ni mimi.

Helmeti sinunui.

Jumanne, tarehe 10

Usingizini nimepata jibu. Kama maumbile yanatumia mfupa, utando na maji, mimi nashindwaje? Sufuria la maziwa la binti: fuvu. Mifuko mitatu ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine: utando. Maji ya bomba: majimaji.

Nimejaribu kwa yai ndani ya kopo la maji. Nimelitikisa mpaka mkono ukachoka. Zima! Bi Sindano kachungulia juu ya ua, akasema hajawahi kuona yai likiendesha pikipiki. Wivu.

Alhamisi, tarehe 12

Maonyesho mbele ya familia. Sufuria kichwani, zito kama jiwe la kusagia. Nimepanda pikipiki iliyozimwa, mkwe akanisukuma uani, kwa furaha iliyozidi. Mifuko ikapasuka. Maji masikioni, machoni. Mkwe akapiga kelele kwamba mzee anavuja ubongo! Nikaingia bandani kwa kuku.

Sufuria likagoma kutoka. Bi Sindano kalitoa kwa sabuni, kisha akaniamuru niguse pua. Nikagusa yake. Akasema kisogoni kuna ubongo mdogo unaoshika mizani ya mwili, na wangu utapona. Anachohofia ni sehemu ya mbele, ile ya kupima mambo kabla ya kuyatenda.

Ijumaa, tarehe 13

Ushindi! Bi Sindano kaniazima helmeti yake, binti katoa ufunguo. Wamesimama mlangoni kunitazama nikiondoka, kichwa chekundu. Aibu gani hii! Nilipokata kona nikaivua, nikaitundika kwenye usukani. Ubongo nao unahitaji upepo.

Jumamosi, tarehe 14

Nimeanguka. Mbele ya duka lilelile. Nimeshonwa juu ya nyusi, na Bi Sindano hasemi nami. Dhuluma! Helmeti yake haina hata mkwaruzo. Tangu lini kitu cha kuazima kikatunzwa vile?

Binti analia jikoni. Pikipiki inauzwa Jumatatu, kesho nikaiage.

Baiskeli ya mkwe imeegemea ukuta. Haina ufunguo.