Kipoza Joto cha Wachina

Jumatatu, 12 Julai 1976
Mwanjelwa baridi kali, lakini amplifaya ya Mzee Kalinga inachemka kama uji. Transista zake, vile vidude vya kukuza sauti, ukizigusa unaacha ngozi. Bati la kuzipoza ni dogo mno. Na Jumamosi kuna harusi! Mzee katuambia mimi na Saulo: atakayeleta kipoza joto kisicho na kelele ndiye atabaki fundi wake. Mwingine arudi kwao. Kwao Saulo ni ng'ambo ya barabara. Kwetu ni Usangu, kwa ng'ombe wa baba. Saulo kamaliza la saba. Mimi niliacha shule la tano. Shule ikapata hasara.

Jumatano, 14 Julai
Saulo kaleta feni ya gari bovu. Inapoza, lakini inavuma! Maikrofoni ikadaka yote. Mzee akasema hakuna baba atakayembariki binti yake ndani ya mashine ya kusaga. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikajaribu langu: kitambaa kibichi. Moshi. Nikarushwa na umeme. Saulo naye akacheka. Mshamba huyo.

Alhamisi, 15 Julai
Nimepata! Sufuria kubwa la Shangazi Helena, ninayekaa kwake. Alumini, pana, bubu kabisa. Nikatoboa kitako, nikafunga transista, nikapaka rangi nyeusi. Santuri zimelia mchana kutwa, joto la chai iliyosahaulika tu. Nikamwambia Mzee kimetoka kwa Wachina wa reli. Akakitazama sana. Akasema Wachina nao, kila kitu chao kinafanana na sufuria.

Ijumaa, 16 Julai
Balaa. Kina mama wanakusanya masufuria ya kupikia harusi, kila mmoja na alama yake asije akapotezewa. La shangazi lina mapengo mawili ukingoni, kayakata kwa tupa. Kaniuliza liko wapi. Nikasema labda kwa Mama Juliana, jirani. Kaenda kugombana naye. Vizuri, nimepata nafasi ya kulala.

Jumamosi, 17 Julai
Amplifaya iliimba! Saulo alikuwa anameza mate tu. Baba wa bibi harusi akashika maikrofoni, akaanza kubariki. Shangazi akapita na sinia la wali. Akasimama. Akapapasa ukingo wa kipoza joto. Rangi haizibi pengo. Akavuta! Cheche, kisha kimya. Akaliinua juu, akanichungulia kupitia matundu.
“Ngolo, mwanangu, humu nipike nini? Upepo?”
Hakuhitaji maikrofoni. Ukumbi mzima ulicheka. Mzee Kalinga hakucheka. Transista zimekufa zote. Baraka zilimaliziwa kwa kupiga kelele na kukohoa.

Jumapili, 18 Julai
Asubuhi nimepelekwa kumwomba radhi Mama Juliana. Saulo kakalia kiti changu, feni inavuma. Mimi juu ya lori la Usangu.

Jumanne, 20 Julai
Ng'ombe hawana shukrani. Ila baba ana ndoo ya kukamulia, alumini nzito, pana kuliko sufuria. Kasisitiza nisiiguse. Baba hulala mapema. Msumari ninao.