Kurasa Kumi na Sita za Theodosia

Jumatatu, 7 Juni 1976

Leo nimeiba. Hapana, nimehifadhi. Naandika upya: leo nimehifadhi kurasa kumi na sita za kitabu cha serikali chini ya godoro langu.

Sababu ni Theodosia. Nesi, mwenyeji wa Mbinga, miezi minane sasa hapa Kibondo. Nampenda tangu mwezi wa kwanza. Hajui. Nani amwambie? Mimi? Ananiita Kaka Felician, na kila akisema kaka nasikia mlango unafungwa taratibu, kwa adabu.

Maktaba yetu ina riwaya moja tu inayogombewa, Birika la Marehemu. Nakala moja, wilaya nzima, na siku za kuazima ni chache hata hakuna aliyewahi kufika mwisho. Tajiri wa Tanga anakunywa kahawa asubuhi, alasiri anazikwa. Aliyetia sumu ni mtu wa nyumbani. Binti yake Salma anamtafuta muuaji, na huku anapendana na kijana Idi, ambaye naye anashukiwa. Anashukiwa mama wa kambo. Anashukiwa baba mdogo. Yumo pia karani wa marehemu, mtu mpole, mtunza barua. Huyo namheshimu.

Theodosia amekuja kuongezewa siku. Amesema zimebaki kurasa chache, keshokutwa atamaliza. Akimaliza, atakuja kufanya nini hapa? Alipokwenda kumsalimu bosi wangu, Ndugu Ildefonce, nikachukua wembe wa kuchongea penseli. Karatasi nane za mwisho, chap! Nimekata kuanzia pale nilipoishia mimi, maana mwisho wenyewe sijausoma. Watu wote nimewaambia nimekirudia kitabu hiki mara mbili.

Mpango ni huu. Atakuja kulalamika mwisho haupo. Nitasema pole sana dada, lakini mimi naukumbuka, keti nikusimulie. Kila siku karatasi moja. Siku nane za Theodosia!

Jumatano, 9 Juni

Amekuja! Saa tisa, ametoka zamu, ananukia sabuni ya hospitali. Amesema kwa uchungu kwamba kuna mtu hana utu amechana mwisho. Nikamuunga mkono. Nikamlaani mtu huyo kwa sauti kubwa hadi Ndugu Ildefonce akatoka ofisini kuniunga mkono na mimi.

Akaketi kwenye benchi la dirishani. Nikasimulia karatasi ya kwanza, niliyoisoma asubuhi. Salma anakuta barua ya siri kabatini. Theodosia akaweka mkono kidevuni. Akasema muuaji ni baba mdogo, hana shaka, kwa sababu mtu asiyelia msibani ana jambo. Nikasema avute subira. Nusu saa nzima. Alipoondoka nilikwenda kukaa pale alipokaa yeye. Sijawahi kukaa mahali pazuri hivyo hapa Kibondo.

Doa moja. Hilali wa dukani, yule mwenye wajomba Pangani na Kiswahili cha kunyoosha, amekuja kuandika maoni. Kwetu ni sheria: hupewi kitabu kingine mpaka uandike maoni ya ulichosoma, maana daftari la maoni hupelekwa ofisi ya elimu ya watu wazima. Wengine huandika “kizuri” na kutia sahihi. Hilali kajaza kurasa mbili. Anasema muuaji ni mama wa kambo, na kwamba Idi anapenda kiume, hajifichi. Theodosia alisoma yote, akacheka mara tatu. Nilihesabu.

Ijumaa, 11 Juni

Nimekwisha!

Jana karatasi ya pili ilikwenda vizuri. Leo asubuhi nimeinua godoro, hakuna kitu. Nimepindua kitanda. Nimetikisa blanketi. Mwishowe nikamuuliza mwenye nyumba wangu, Mama Josepha, kama ameona karatasi. Akajibu kwa furaha kwamba ndiyo, alizikuta alipokuwa anaanika godoro. Hazina jalada, hazina picha, akajua ni takataka. Amezikata nusu nusu na kufungia karanga.

Karanga! Anauzia stendi na kwenye geti la hospitali. Karatasi nane, nusu kumi na sita, kila nusu na karanga zake, na zote ziliuzwa jana.

Nimekimbia stendi. Nimenunua mafungu yote aliyobaki nayo. Yote ni gazeti la mwaka juzi.

Saa tisa Theodosia akaja na kuketi benchini. Ningesema ukweli? Ningesema. Mdomo ulishafunguka. Lakini alikuwa amevaa kitambaa cha manjano kichwani, akauliza haya, Kaka Felician, ikawaje? Nikasema nyumba ikashika moto. Ulitoka wapi moto huo, sijui. Nikasema Salma amezingirwa, Idi amekimbia, na yule karani mpole akapita katikati ya moshi, akambeba mikononi. Nikaeleza mikono ya karani kwa kirefu.

Akakunja uso. Akauliza karani yupi. Eti hamkumbuki vizuri.

Jumamosi, 12 Juni

Hilali amepata nusu karatasi. Alinunua karanga stendi, akatafuna, akasoma, akapiga ukelele. Sasa anaisoma dukani kwao kila anapoingia mteja, na mji mzima unanunua karanga. Watu hawauliziani habari za mvua, wanauliziana una ukurasa wa ngapi. Mama Josepha ameishiwa na karanga mara mbili tangu asubuhi. Amenijia kwa unyenyekevu kuniuliza kama sina karatasi nyingine za namna ile.

Theodosia naye amepata nusu moja kwa mgonjwa wa wodini. Ameileta akaiweka mbele yangu. Salma anaongea na karani ofisini, mchana kweupe, hakuna moto. Ameniuliza moto uko wapi. Nimesema moto uko nusu ya chini.

Ameniangalia kidogo kuliko kawaida yake. Hakuketi.

Jumatatu, 14 Juni

Tangu Jumamosi Theodosia haji. Benchi lipo, dirisha lipo, jua la saa tisa linaingia na kukaa peke yake. Nimefuta vumbi benchini mara nne. Ndugu Ildefonce amesifu bidii yangu.

Wengine wote wanakuja. Daftari la maoni limebakiza karatasi chache. Mwalimu Sylvesta ameandika kwamba muuaji asipokuwa mama wa kambo, mwandishi atakuwa amewadanganya wasomaji kwa kurasa mia mbili na yeye atadai maelezo. Bwana Reverien wa posta anasema Idi ndiye, kijana asiye na kazi inayoeleweka. Anaongeza kwamba yeye ana mabinti watatu. Yeye na Mwalimu wameacha kusalimiana. Mzee Bazilio, aliyejua kusoma mwaka jana tu kwenye kisomo, ameandika mistari miwili kwa herufi kubwa: NIMESOMA KITABU PEKE YANGU. ALIYEUA NI SHAURI LAKE. Alisimama akayatazama maneno yake kwa muda mrefu kabla ya kutia sahihi. Nilimwambia hayo si maoni. Akasema basi aandikiwe kwamba amefurahi.

Hilali ana nusu tisa. Anakula karanga asubuhi, mchana na jioni. Wateja humletea zao naye huwapa peremende. Anazibandika kwenye boksi kwa mpangilio. Anamfanyia nani? Swali gani hilo!

Jumatano, 16 Juni

Theodosia amehamishiwa Kasulu. Anaondoka Jumapili.

Nimesikia kwa Bwana Reverien, aliyekuwa akibandika stempu, kama anatangaza bei ya chumvi. Kasulu! Mbali mno kwa mtu anayengoja saa tisa ifike. Nimerudi nikakosea kupiga muhuri vitabu sita.

Lakini nina mpango, na safari hii ni mpango safi. Nimemshauri Ndugu Ildefonce tufanye mkutano wa wasomaji Ijumaa, kuzungumzia maoni juu ya Birika la Marehemu. Amefurahi, ataandika taarifa. Mbele ya watu wote nitasimama nisimulie mwisho mzuri kuliko wote, na mwishoni nitageuka kumtazama Theodosia na kusema yaliyomo moyoni. Nimeandika hotuba. Nimeifanyia mazoezi mbele ya rafu ya kilimo.

Ijumaa, 18 Juni

Tangu mwanzo, ili nisisahau.

Tulianza baada ya swala. Maktaba ilijaa hadi mlangoni. Theodosia alikaa benchini kwake. Nikasimama. Nikasema mwisho wa kitabu hiki naujua mimi peke yangu. Hapo Hilali akaingia, amebeba boksi. Nusu kumi na tano, zimebandikwa! Imebaki moja tu, ile ya mwisho kabisa, anapotajwa muuaji. Watu wakapiga makofi. Hilali mwenyewe uso ulikuwa wa kijivu, ameshika tumbo, lakini akatabasamu.

Ndugu Ildefonce akavaa miwani. Akachunguza boksi. Akasema karatasi hizi hazikuchanwa, zimekatwa kwa wembe, tena na mtu mwenye mkono wa kazi za ofisi. Akauliza zilifikaje kwenye karanga.

Mama Josepha alikuwa mlangoni na sinia lake. Akajibu bila hila yoyote kwamba alizitoa chini ya godoro la mpangaji wake, akaninyooshea kidole kwa fahari. Alipoona wote wamenigeukia akaniuliza kwa huruma, “Mwana wanje, mwanangu, kwani ilikuwa siri?”

Nikasema nilizitoa ili zisiliwe na mchwa. Ndugu Ildefonce akauliza mchwa gani wanaoanzia mwisho. Mwalimu Sylvesta akasema nikamatwe. Mzee Bazilio akasema mimi ndiye niliyemwazima kitabu, nisikamatwe.

Theodosia akainuka benchini. Akaniuliza kwa nini.

Swali moja. Jibu lilikuwa mfukoni, limeandikwa, karatasi mbili, mbele na nyuma. Macho yake hayakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. Nilitamani kumwambia kila kitu, benchi, sabuni, kitambaa cha manjano. Nikasema mchwa ni tatizo kubwa sana wilayani.

Akashika mkoba wake. Akasema taratibu, kama anajisemea, kwamba angekuja tu hata kitabu kingekuwa kizima. Alikuwa anapenda kukaa pale dirishani na kuzungumza nami. Akatoka.

Adhabu yangu ni kubandika upya kurasa zote kwa uji wa unga wa muhogo. Adhabu gani? Nimebandika nikiwa sioni vizuri. Angekuja tu!

Jumapili, 20 Juni

Nimekwenda stendi kabla ya saa kumi na mbili. Hilali hakutokea, karanga zimemlaza. Uwanja wangu peke yangu!

Basi lilipata pancha kabla ya kuondoka. Saa nzima tumesimama, mimi na yeye na sanduku lake la bati. Alinisalimu vizuri. Aliniuliza kama nina neno. Nilimweleza kwamba kuanzia Julai maktaba itafunguliwa Jumapili pia, hadi saa saba. Akasema hilo litawafaa watu. Akangoja. Nikamweleza na mpango wa kununua rafu mpya.

Kondakta akaita. Theodosia akanipa mkono. Wa baridi, asubuhi ya Juni hapa kwetu huku juu. Akasema kwaheri, Felician. Hakusema kaka! Nimelitambua hilo basi liliposhika njia ya Kasulu na vumbi likanifunika. Nikakimbia. Nimekimbia hadi darajani, na dereva hakutazama nyuma.

Alhamisi, 1 Julai

Barua! Kutoka Kasulu, mwandiko wake, imeandikiwa Daftari la Maoni, Maktaba, Kibondo. Amepata nakala nzima kwa mwalimu mmoja wa huko, na hataki maktaba yetu imdai maoni.

Muuaji ni karani.

Wasomaji wamepigwa na butwaa. Mwalimu Sylvesta na Bwana Reverien wamepeana mikono, kwa kuwa wote wawili wamekosa. Mimi nimeisoma barua hadi imelegea. Anaandika kwamba karani alimpenda Salma miaka mingi bila kusema. Alizificha barua za marehemu, akawa anamtolea habari kidogo kidogo ili binti asiache kuja ofisini. Yote yalianza baba alipotaka kuihamishia familia Unguja: karani alitia sumu kwenye birika ili Salma asiondoke. Kisha Theodosia anamaliza hivi, na nanakili herufi kwa herufi: “Sina shaka alimpenda. Hicho ndicho kinachoniuma. Laiti angefumbua mdomo ukurasa wa kumi, wote wangekuwa hai, na Salma labda angemkubali.”

Labda angemkubali!

Nimeyatafakari maneno haya tangu asubuhi. Yana ujumbe, na ujumbe ni kwangu, sikosei mambo haya. Amesema wazi kosa liko wapi: nilichelewa. Nilishughulika na mwisho, kumbe mambo yote yanaamuliwa ukurasa wa kumi.

Bahati imeniangukia. Jana tumepokea riwaya mpya, ya mjane na mirathi na mtu aliyepotea. Ndugu Ildefonce ameruhusu iazimwe Kasulu kwanza, kwa basi la Jumamosi, kwa jina la Nesi Theodosia. Ataifungua, hataelewa nani ni nani, na itambidi aniandikie kuuliza ilianzaje.

Nimenunua wembe mpya. Nimekata kurasa kumi za mwanzo.