Akiba ya Usingizi

Jumatatu, 14 Julai 2025

Sijalala. Mgongo huu, mwaka wa nne sasa, huamka pale mimi ninapotaka kulala. Na Jumamosi ndugu wa mchumba wa binti yetu Flora wanakuja kujadili mahari. Msemaji wa upande wetu ni mimi. Nani mwingine? Nimebishana na wasomi magazetini. Nimemnyamazisha mhubiri kwenye mkutano wake mwenyewe!

Mke wangu Specioza anasema hoja zangu hazina shida, shida ni kichwa. Wiki iliyopita kwenye jumuiya nilisinzia, kichwa kikainama, katibu akaandika kwamba Kasmiri amekubali kutoa mbuzi. Leo kaniambia bila kuacha kupepeta mchele: "Baba Flora, ukiinamisha kichwa Jumamosi, mwanangu ataondoka kwa kuku. Usipopata usingizi kufikia Ijumaa, atasema Mboje."

Mboje! Kaka yake Specioza. Mtu asiyeweza kumaliza sentensi bila kucheka.

Jumanne, 15 Julai

Hospitali. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo anaitwa Benedikta, rika la Flora. Nilitegemea sindano, au angalau vidonge vya rangi. Kanipa masharti! Kitanda ni cha kulala tu: nisisome hapo, nisiandike, nisilumbane na mtu. Mchana nisilale. Niamke saa ileile kila siku, hata kama usiku umenishinda. Usingizi ukigoma, niondoke kitandani mpaka ukubali. Na nitembee, mgongo si yai. Eti maumivu hufukuza usingizi, na kukosa usingizi huzidisha maumivu, kwa hiyo tunaanza na usingizi.

Nilimpinga. Mwenye njaa haambiwi apunguze kula! Usingizi ni kama mahindi, unauweka ghalani. Wagonjwa kwenye benchi walinisikiliza kwa heshima kubwa. Mmoja alilala.

Benedikta alingoja nimalize. "Sawa, baba," akasema. "Na mchana usilale."

Jumatano, 16 Julai

Nimegundua! Adui ni godoro la sponji. Mkoa mzima unalima pamba halafu tunalala juu ya takataka za viwandani. Aibu! Sponji nimeigawa. Nilikuwa na gunia la pamba kutoka shambani Lalago, nililificha wakati wenzangu wanauza. Fundi cherehani aliuliza kama hatutoi mbegu kwanza. Nikamweleza kwamba mbegu ndizo dawa yenyewe, zinakanda misuli. Akaendelea kushona.

Specioza alilibonyeza, akauliza kama nimeshona godoro au nimeshona kokoto. Nililala juu yake mpaka jioni, kuweka akiba. Usiku, macho makavu. Godoro ni jipya, halijanizoea.

Alhamisi, 17 Julai

Godoro limeliwa.

Nililianika uani asubuhi lipate jua. Jirani yetu Ngassa, ambaye ndiye baba mdogo wa mchumba wa Flora, ana ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja iliyopinda. Nilipotoka nilimkuta kazama mpaka mabegani, anatafuna dawa yangu! Mboje alipita, akacheka mpaka akashika ukuta. Anasema kila mtoto wa Simiyu anajua kwamba ng'ombe na mbegu za pamba hawaachani. Nikamuuliza: kwa mujibu wa kitabu gani? Jibu lake: kicheko.

Nilimfukuza mnyama yule hadi barabara ya Nkololo, kitambaa kikipepea kwenye pembe. Kisha nikaenda kwa Ngassa kulalamika, sikumkuta, nikamfuata malishoni. Akanitakia asubuhi njema kwa Kisukuma, "Mwangaluka", kana kwamba hakuna kesi. Akasema ng'ombe wake alikuwa anakagua tu kama kwa wakwe kunalika vizuri.

Nimerudi jioni, miguu imevimba. Godoro hakuna. Nitalala mkekani kama mfungwa.

Ijumaa, 18 Julai

Nimelala fofofo!

Niliamka na jogoo, nikamuwahi Ngassa kabla hajatoka. Tumebishana njia nzima mpaka kwenye josho la ng'ombe, na njia nzima ya kurudi. Mchana sikulala, kitanda chenyewe ni mbao tupu. Mgongo umelegea. Nadharia yangu imethibitika: dawa ya pamba iliniingia Jumatano, ikachelewa kidogo kufanya kazi.

Sokoni nilikutana na Benedikta. Akanitazama ninavyotembea, akafurahi kwamba masharti yamenisaidia.

Nikamuuliza, "Masharti gani?"

Specioza aliniviziavizia wakati wa chakula. Sikupiga hata mwayo. "Haya," akasema, "kesho utasema wewe." Na akaninyooshea kola ya shati. Hajaigusa kola yangu tangu mwaka jana.

Jumamosi, 19 Julai

Nimelala tena usiku kucha! Wageni saa nane. Saa sita hoja zote zilikuwa zimejipanga kichwani kama askari. Nikawaza: ikiwa usiku mbili zimenifanya hivi, nikiongeza kidogo nani ataniweza? Nikajilaza kitandani kwa Flora. Dakika chache tu, akiba.

Niliamshwa na vigelegele. Nje jua linazama.

Specioza anasema walikuja kuniamsha mara mbili, na mara zote mbili niliwashinda kwa hoja nikiwa usingizini. Kwa hiyo alisema Mboje. Alicheka, wakacheka, wakatoa ng'ombe wote tuliotaka. Mwishoni akaomba na yule mwekundu, fidia ya godoro. Wakampa!

Flora alikuja kunisalimia. Alikuwa amevaa gauni jipya, nilikuwa sijaliona. "Umepumzika, baba?" akauliza, kwa upole kabisa. Ningependa angenitukana.

Jumapili, 20 Julai

Sijalala hata lepe. Mgongo umerudi kwa hasira. Chini ya dirisha langu yule mwekundu alicheua usiku kucha, kisha akalala. Usingizi wangu umo tumboni mwake!

Kosa liko wazi. Benedikta alivuruga akiba yangu: alininyima usingizi wa mchana siku zote, nilipouonja ukanizidi nguvu. Nitamwandikia mkubwa wake. Pia godoro lilikuwa jembamba.

Gunia jingine la pamba limefika kutoka Lalago, nimeshona godoro mwenyewe baada ya misa. Nene, mbegu zote zimo. Nimelianika uani. Ng'ombe nimemfunga kwa kamba ndefu, maana mimi si katili, naye anahitaji kivuli.

Sasa ni saa tano asubuhi. Ngoja nijilaze kidogo.