Neno la Irabu Tano Lililonimaliza Bungoma

Leo Bungoma wamenimaliza. Nimerudi Kitale nikiwa mzima, mifupa yote iko, lakini heshima imebaki kule ukumbini.

Wacha nianze mwanzo. Mimi ni kapteni wa klabu yetu ya maneno hapa Kitale. (Walinichagua kwa sababu ya sauti, si akili.) Kila mwaka tunapambana na klabu ya Bungoma, na mshindi anaondoka na mbuzi. Mchezo wenyewe si mgumu kueleza. Unataja neno refu la Kiingereza lenye irabu zote tano: a, e, i, o na u. Kisha unasema maana yake na kulitumia kwa sentensi. Ukikwama, unakaa chini. Atakayebaki amesimama, mbuzi ni wa timu yake.

Asubuhi Chebet, msaidizi wangu, aliniuliza, "Simiyu, umesoma maana, ama umekariri maneno tu?"

"Chebet, neno refu likitoka na sauti nzito, nani atauliza maana?"

(Wataiuliza. Si hiyo ndiyo sheria ya mchezo! Sijui nilikuwa nafikiria nini.)

Tukafika. Watu wa Bungoma hawachezi na mgeni, kwanza ni chakula. Ugali, kuku wa kienyeji, mchuzi unanukia mpaka barabarani. Mpishi wao, Mama Nafula, akanisimamia. "Kura, mwanangu, kura!"

(Nikaanza kutafuta sanduku la kupigia kura. Kumbe ananiambia nile.)

Nikala. Nikaongeza. Nikaongeza tena. Halafu nikaona kisahani kimefunikwa pembeni.

"Na hii, mama?"

"Hiyo ni firigisi ya mzee Wanyonyi, mwenyekiti wetu. Firigisi si huachiwa mwenye boma?"

"Lakini mzee hajafika, na inapoa."

Jamani, nikaila. Mbele ya watu. Mzee Wanyonyi alipokuja akafunua kisahani, akakitazama, akakifunika tena polepole. Ukumbi mzima ulimwona.

Mashindano yakaanza. Watu wakaanguka mmoja mmoja. Chebet alipigana vizuri na *pneumonia* na *evacuation*, lakini akarudia neno lililokuwa limeshatajwa, akakaa. Tukabaki wawili: mimi na Madam Nanjala.

Huyu mama sijawahi kuona mtu kama yeye. Ni mwalimu mstaafu, anaishi upande wa Kibabii, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Haongei haraka. Hapandishi sauti. Anafunga macho kidogo, kama mtu anayeonja chumvi kwenye mchuzi, halafu neno linatoka limeiva.

Mimi nikapiga kelele, "Cauliflower!"

Yeye akasema, "Mountaineer." Maana akaitoa bila kusita: mpanda milima. Kwa sentensi akasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, kwamba marehemu mumewe hakuwa *mountaineer*, lakini alipanda mlima mpaka Kapsokwony kumposa. Kina mama wakapiga vigelegele.

Mimi: "Unquestionably! Yaani, bila shaka!"

Yeye: "Facetious. Mtu anayeleta mzaha mahali si pa mzaha. Na tazameni, irabu zimepanga foleni zenyewe kama watoto wa nasari: a, e, i, o, u."

Ukumbi ukasema aaah. Mimi pia. Nikampigia makofi mpaka Chebet akanifinya. "Si huyo ni adui, bana!"

Lakini hapo ndipo nikakumbuka. Hata mimi nilikuwa na la kwangu la foleni! Nikajaza kifua hewa.

"Abstemious!"

Mwamuzi akahesabu irabu kwa vidole. A, e, i, o, u. Zote, kwa mpangilio! Ukumbi ukasimama. Madam Nanjala akavua miwani. "Vizuri sana, kijana. Hilo nilikuwa nimelificha nilitumie mwishoni."

Hakuna siku nimewahi kuwa mrefu kama hiyo dakika.

"Maana?" akauliza mwamuzi.

"Maana yake ni... mtu wa kiwango. Mtu mzito."

"Sentensi?"

Nikamgeukia mzee Wanyonyi, nikaweka mkono kifuani. "Ladies and gentlemen, I am a very abstemious man!"

Mwalimu mmoja kule nyuma akaanguka kutoka kwa kiti. Mama Nafula akauliza kwa sauti, "Ati amesema nini?"

Madam Nanjala akamjibu kwa upole, "Amesema yeye ni mtu wa kujinyima chakula na kinywaji."

"HUYU? Huyu wa firigisi?"

Ukumbi ukapasuka. Mzee Wanyonyi alicheka mpaka wakamshika mabega. Mimi nilitafuta mlango, nikaona umejaa watu wanaocheka.

Aliyeniokoa ni Madam mwenyewe. Akainua mkono, na ule ukumbi wote ukanyamaza kama darasa. "Miaka yote niliyofundisha, hakuna mwanafunzi aliyewahi kuniletea neno hilo. Huyu amelileta. Maana ameipata leo, na hataisahau."

Halafu akafunga macho. "Tenacious. Mtu asiyekata tamaa." Na sentensi yake ikawa juu yangu: kwamba kijana huyu wa Kitale ni *tenacious*, na mwaka ujao atarudi.

Mbuzi akabaki Bungoma. Na kusema ukweli, hata mimi ningekuwa mbuzi ningebaki na yule mama. Mtu anakushinda, halafu unatamani kumshukuru!

Sasa Chebet amenibadilishia jina kwenye grupu ya klabu. Ameniandika "Abstemious". Nawaomba kitu kimoja tu: anayetaka kucheka, acheke kwa Kiswahili. Kiingereza cha leo kimenitosha.