Viatu Vyangu Kwenye Televisheni ya Mzee Shemboko

Jamani, leo nimeaibika. Si ile aibu ya kuteleza kwenye tope sokoni Soni ukachekwa na akina mama wa karoti, hiyo nimeshaizoea. Nimeaibika mbele ya ukoo mzima wa mkwe wangu, tena kwenye televisheni. (Mkwe mtarajiwa. Kama bado nina haki ya kumtarajia.) Nawaandikia kutoka intaneti kafe ya hapa Lushoto mjini, kofia nimeishusha hadi kwenye nyusi, na dada wa kaunta ameshaniuliza kama naumwa. Siumwi. Sielewi tu. Hadi dakika hii sielewi vizuri ile mashine ilikuwa inafanya nini kifuani kwangu mchana kutwa.

Ngoja nianze mwanzo. Kazi yangu mnaijua, ni picha. Habari ya Naomi mnaijua pia, maana nimewachosha nayo. Leo mdogo wake, Debora, amepata kipaimara, na baba yao, Mzee Shemboko, aliandaa chakula nyumbani kwake, juu kidogo ya Soni. Mpango ulikuwa mzuri kabisa. Nipige picha za sherehe bure, mzee afurahi, halafu watu wakishashiba, mshenga wangu Mzee Hoza amvute pembeni na kufikisha posa. Kazi yangu mimi ni kunyamaza. Naomi alinionya tangu juzi.

"Yakobo, baba hapendi kijana anayejisemea mwenyewe. Akiongea mshenga, wewe tazama chini."

"Nitatazama chini."

"Usiseme neno."

"Sitasema."

(Mtaona nilivyotii.)

Sasa kamera. Ile yangu ya zamani, ya mkanda, imetundikwa msumarini tangu mvua za masika. Si kwamba imekufa. Ila watu wamebadilika! Zamani nilikuwa napiga, napeleka mkanda Tanga ukasafishwe, wiki inapita, mteja anasubiri kwa heshima zake. Siku hizi mtu ukimpiga picha tu, anakuja mbio kutazama mgongo wa kamera ajione. Haoni kitu, ananuna. Na duka lililokuwa likiuza mikanda pale Soni, sasa linauza kava za simu. Basi binamu yangu wa Arusha akaniletea kamera ya dijitali, ndogo, ya rangi ya fedha, inaingia mfuko wa shati. Akanionyesha pa kuwasha, akapanda basi, akaondoka. Kitabu cha maelezo kina Kichina upande huu na Kijerumani upande wa pili.

Nami kwa kimbelembele changu nikamwambia Mzee Shemboko getini, mbele ya watu: "Baba, safari hii hakuna kungoja. Picha mtaziona leo leo, kabla chai haijapoa."

Mzee akakohoa. Anakohoa kwa namna yake, mara mbili, kama mtu anayegonga meza. Akasema, "Tutaona."

Tuliona.

Nikaiwasha. Juu yake kuna kigurudumu chenye vichoro vidogo. Kuna ua. Kuna mtu anakimbia. Kuna mwezi. Kuna milima (nikadhani ni ya watalii). Na mwisho kuna kichoro cha kamera kabisa, kisanduku na mdomo wake. Sasa niambieni, wewe mpiga picha, unataka kupiga picha, utachagua ua? Nikageuza hadi kwenye kamera. Mpaka sasa naona nilifikiri kama mtu mwenye akili.

Nikapanga watu kama ninavyowapanga siku zote. Debora katikati na gauni lake jeupe, bibi yake ameketi kwenye kiti, wazazi nyuma, mikono imenyooka, hakuna kucheka, hakuna kupepesa macho. Nikabonyeza. Kimya. Ile sauti ya "kacha" niliyoizoea haikuja. Kikatokea kidoti chekundu, kinawakawaka. Na chini yake tarakimu zinakimbia.

"Imeshatoka?" akauliza mama yake Naomi bila kufungua meno.

"Imeshatoka, mama," nikasema. Nilijua? Sikujua! Lakini ukiwa mpiga picha huwezi kusema hujui. Zile tarakimu nikazitafsiri mwenyewe, nikasema bila shaka inahesabu picha, na kama inahesabu kwa kasi hivi basi hii mashine ni hodari kupita kiasi.

Nikaiachia ining'inie shingoni kwa kamba yake, nikawapanga majirani. Nikabonyeza tena. Kidoti kikazimika. Ajabu! Kwa wanakwaya nikabonyeza, kikawaka. Kwa Debora na Mzee Hoza, kikazimika. Nikaanza kutoka jasho, na mnajua baridi ya huku. Nikajiambia labda kinawaka kwa watu wengi na kuzimika kwa wachache. Nikaijaribu hiyo elimu yangu mpya kwa Mzee Shemboko na mkewe peke yao. Kikawaka. Basi nikaacha kufikiri.

Wakati huo pilau ilishaanza kupakuliwa, na Mzee Hoza akanipita akaninong'oneza: "Bado kidogo nitamwita mzee. Akikuuliza neno, jibu 'ndiyo, baba' tu. Umesikia?"

Hapo wazo likanijia. Je, akiniuliza jambo ambalo jibu lake ni hapana? Nikaona bora nijizoeze. Nikazunguka nyuma ya nyumba, kwenye banda la ng'ombe, ambako hakuna mtu. Kamera inaning'inia kifuani, imetazama chini. Kidoti kinawaka. Nikajizoeza kweli kweli. Nikarudi uani nimepata nguvu, nikaona watoto wamejipanga wanataka picha, nikabonyeza. Kidoti kikazimika. Vizuri.

Tukala. Nimeshika mfupa wa mbuzi mkononi ndipo Mzee Shemboko akakohoa mara mbili na kusema, "Kijana, chai imeletwa. Picha ziko wapi?"

Kabla sijajibu, akaruka Fredi. Fredi ndiye mume wa dada yake Naomi, anakaa Tanga, na hakuna kitu asichokijua. "Lete hapa," akasema. "Hizi zina waya wake. Unachomeka kwenye televisheni, watu wote wanaona kwa pamoja." Akatoa waya kwenye pochi ya kamera, akachomeka. Sebule ikajaa. Wazee mbele kwenye makochi, akina mama kwenye mkeka, wanakwaya wamechungulia madirishani. Mimi nimesimama pembeni ya televisheni kama bwana harusi. Nilijisikia fahari, siwafichi.

Ikaja picha ya kwanza. Familia imesimama, safi kabisa! Watu wakapiga makofi. Halafu bibi akapepesa macho.

Ndani ya picha.

"Mbona inatikisika?" mtu akauliza.

"Imeshatoka?" mama yake Naomi akauliza kwenye televisheni. Mama yake Naomi wa kwenye mkeka akajishika mdomo.

"Aa!" akasema Fredi. "Kumbe umechukua video! Hongera, shemeji, hukutuambia."

"Ndiyo," nikasema. (Nini kilinituma?) "Ni video."

Ikaendelea. Ikashuka chini, ikawa inaonyesha viatu vinatembea. Viatu vya kahawia. Cha kulia kina kamba nyeusi, cha kushoto kina kamba nyeupe. Bibi akauliza kwa Kishambaa, kwa sauti, ni nani huyo aliyekosa kamba za viatu zinazofanana siku ya kipaimara. Nikaona vichwa vinainama kimoja kimoja, watu wanatafuta sakafuni. Macho yote yakatua miguuni kwangu.

"Zima," nikamwambia Fredi.

"Ngoja, kuna nyingine mbili."

Ya wanakwaya ikapita, viatu vyangu tena. Ya tatu ikaja. Mzee Shemboko na mkewe wamesimama wima. Kisha majani, matope, jiwe, mlango wa banda, samadi. Viatu vyangu vimesimama katikati ya samadi. Hapo nikakumbuka kila kitu. Nikarukia kamera, nikabonyeza kitufe cha kwanza nilichokiona. Sauti ikapanda! Nikabonyeza kingine. Ikapanda zaidi!

Na viatu vikasema, kwa sauti ya kujaza sebule: "Shikamoo, baba."

"Marahaba," akajibu Mzee Shemboko.

Sikilizeni. Hakufanya makusudi. Mzee kama yule, akisalimiwa kwa heshima, marahaba inatoka yenyewe. Lakini viatu navyo vikaitikia, kwa sauti nzito ya puani: "Marahaba, kijana. Khoo! Khoo! Umeleta shida gani hapa kwangu?"

Kile kikohozi. Mara mbili. Kama mtu anayegonga meza. Nilikuwa najizoeza pande zote mbili, mnielewe, bila hivyo ningejizoeza na nani?

Mwanakwaya mmoja dirishani akatoa mlio kama wa birika. Naomi akafunika uso kwa kitenge. Mimi nabonyeza tu, nimechanganyikiwa, sijui hata kuchomoa waya, na viatu vinaendelea: "Baba, mimi nampenda Naomi. Hapana, usianze hivyo, atakufukuza. Baba, mimi ni mpiga picha, lakini pia nalima viazi. Hapana. Baba, naomba... baba, tafadhali tu. Sina namna nyingine ya kusema. Usiku silali vizuri. Tafadhali."

Halafu ng'ombe akalia. "Mooo." Na viatu vikasema, "Ndiyo, baba."

Hapo ndipo Fredi alipochomoa waya. (Sasa ndiyo alichomoa!)

Macho yangu yalikuwa chini kama nilivyoelekezwa, lakini chini ndiko kulikokuwa na vile viatu. Nikasema moyoni, basi tena, nimempoteza Naomi. Mtu anatuma mshenga ili asijisemee, mimi nimejisemea mbele ya kwaya. Nilihisi machozi yanakuja, na sioni haya kuwaambia.

Mzee Shemboko akakohoa mara mbili. Sebule nzima ikaangua kicheko! Akina mama mkekani wanalia, bibi anapiga magoti yake makofi, hata Mzee Hoza, mshenga wangu niliyemleta mimi mwenyewe, ameegemea ukuta anajifuta macho. Mzee peke yake ndiye hakucheka. Akangoja watu wamalize.

"Hoza," akaita. "Naambiwa ulikuwa na neno na mimi leo."

Mzee Hoza akajiweka sawa. "Mzee mwenzangu, nilikuwa nalo. Lakini nililokuja nalo limeshasemwa."

"Na nani?"

Mzee Hoza akatazama televisheni, kisha akanitazama mimi.

"Mimi sijasikia mtu," akasema Mzee Shemboko. "Nimesikia viatu. Viatu havileti posa nyumbani kwangu. Njoo Jumapili, Hoza, useme wewe, kwa mdomo, nami nitakusikiliza." Kisha akanigeukia, na naapa kuna kitu kilitikisika chini ya masharubu yake. "Na wewe, Debora wangu hana picha hata moja ya kuweka ukutani. Njoo na Hoza Jumapili. Lakini uje na ile kamera yako ya zamani. Ile isiyosikia."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Kutoka dirishani mtu akasema, "Mooo."

Naomi alinisindikiza hadi getini. Hakunisema. Alitembea akitetemeka mabega, akasimama, akasema, "Kwa hiyo usiku hulali vizuri?" Kisha akarudi ndani mbio akiwa na kitenge mdomoni. Sijui alikuwa analia au anacheka. Hilo nalo sielewi, ongezeni kwenye orodha.

Basi ndiyo hivyo. Nimepewa Jumapili. Mshenga ninaye, kamera ya zamani ipo msumarini, kamba ya kiatu nitanunua. Kitu kimoja tu sina, na nimekitafuta Soni yote na hapa Lushoto kabla sijaingia kafe, kila duka wananitazama kama nimeomba mafuta ya taa ya ukoloni: mkanda. Kwa hiyo naombeni mnyamaze kwanza. Atakayeniletea mkanda mzima kabla ya Jumapili, huyo peke yake ndiye nimemruhusu kucheka.